Habari Niliyompelekea Nafula Barafuni

Tangu nirudi Webuye sijamaliza kikombe cha chai bila mtu kunikatiza kwa swali. Wa kanisani wanataka kujua kama ni kweli niliona barafu jangwani, na watoto wakiteleza juu yake kwa viatu vyenye visu. Vijana wa stendi wanauliza kama mtu anaweza kuendesha basi kutwa nzima asione mti. Shangazi zangu hawana haja na hayo. Wao wanauliza jambo moja tu: Nafula aliambiwaje, na alipolia alikaa na nani?

Nimeona heri niandike yote mara moja, chai yangu isiwe inapoa kila siku.

Kwa asiyetujua, Nafula ni dada yangu, kitinda mimba wa mama. Mimi nilikuwa dereva wa basi Riyadh na yeye alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwa madam mmoja Jeddah. Kati ya miji hiyo kuna mchanga wa kutosha kuifunika Kenya, na tangu tufike Saudia hatukuwa tumeonana. Mama alipofariki nilipigiwa simu mimi, na Baba Mdogo akakataza Nafula asipigiwe. "Habari ya mama haipigwi simu," alisema. "Utampelekea kwa miguu yako, umketishe, ukae naye alie." Mnajua kwetu ilivyo. Mtu huambiwa msiba akiwa ameketi, na aliyemwambia haondoki. Tena tulikuwa tumesikia habari za msichana mmoja aliyeambiwa kwa simu akiwa juu ya ngazi anafuta vioo vya watu, akaanguka.

Basi kila Ijumaa, siku ambayo Nafula aliruhusiwa kushika simu yake, nilidanganya. Mama yuko shamba. Mama ameenda harambee. Simu ya mama imeingia maji. Mama alikuwa ameshazikwa na viazi vimeshapandwa kando ya kaburi, na mimi nikiendelea kumpa salamu zake.

Aliyenikomboa ni hoki. Nilikuwa nikiwapeleka mazoezini watoto wa timu moja ya hoki ya barafu, iliyofanyia mazoezi ndani ya mall. Ijumaa moja Nafula akanitumia sauti: "Wekesa, huyu kijana wa madam, Tamim, anacheza huo mchezo wa barafu. Mimi ndio hubeba begi lake, na linanuka! Kuna mashindano yanakuja. Eti Riyadh pia watakuja." Niliisikiliza tena na tena nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya basi. Aliyezoea kupewa safari za mbali alikuwa dereva mwingine, Mpakistani, mtu mpole. Nikamwendea nikamwambia ukweli wote, naye akajiuguza tumbo siku ya safari.

Shumaisi, kunapambazuka

Chumba chetu cha Shumaisi, mtaa wa Riyadh, tulilala Wakenya watupu, na asubuhi hiyo wote walikuwa macho. Kiprono, aliyekuwa amerudi tu kutoka lindo lake la usiku, alinifuata mpaka mlangoni na sare yake ya ulinzi.

"Sasa sikiza," akaniambia. "Ukifika usianze na hiyo story. Salimia kwanza. Mpe kitu akule."

"Na akiniuliza mama?"

"Akule kwanza, boss. Mtu na njaa hawezi beba kitu kama hiyo."

Walinishika mikono tukaomba. Kisha nikaenda kupakia mabegi ya hoki. Ndugu zangu, nimefuga mbuzi na nimelala karibu na beberu, lakini sijawahi kunusa kitu kama begi la hoki. Mtoto hutoka jasho ndani ya mapedi, mapedi hufungiwa ndani ya begi, begi hufungiwa ndani ya gari la Riyadh lenye joto la tanuri, halafu wiki inayofuata anavaa tena. Mama zao, waliokuwa wananukia udi, walituaga kutoka mbali.

Wakubwa ndani ya basi tulikuwa watatu. Kulikuwa na Kocha Milan, Mslovakia mrefu mwenye meno mawili ya bandia, ambaye Kiingereza chake na changu vililingana kwa uchache. Kulikuwa na Abu Turki, meneja, baba wa mchezaji mmoja, ambaye nilimwita baba naye aliniita Yusuf, jina langu la ubatizo. Na mimi. Watoto walikuwa wa kila rangi: Wasaudia, Walebanoni, Wakanada, mmoja Mhindi. Golikipa aliitwa Rayan, mtoto wa mviringo aliyelala akiwa ameikumbatia barakoa yake ya chuma.

Msije mkadhani yalikuwa mashindano makubwa. Yalikuwa ya kimataifa kwa kuwa Kuwait na Bahrain walileta timu, lakini lilikuwa daraja la chini kabisa. Kuna wachezaji waliokwenda wakishikilia ukuta. Milan alinieleza kwamba timu mojawapo ilikuwa imeazima golikipa kutoka kwa wapinzani wake. Lakini kwa wale watoto lilikuwa Kombe la Dunia, na kwangu lilikuwa kubwa kuliko hilo.

Barabara yenye maji yasiyofikika

Ukishatoka Riyadh barabara inanyooka mpaka unasahau kwamba unaendesha. Mbele yako lami inageuka maji. Ukikaribia yanarudi nyuma, ukisimama yanasimama, na ng'ambo yake unaona ngamia wanaotembea bila miguu, wameelea. Nilijua ni mangati. Hata hivyo mara mbili mguu wangu ulikanyaga breki kidogo, kama mtu anayeogopa kulowesha gari.

Watoto walilala. Milan alilala. Abu Turki alisinzia akihesabu tasbihi. Nikawa peke yangu na ule weupe, na nikaanza kujizoeza maneno. "Nafula, mama alikuwa anaumwa." Hapana. "Nafula, Mungu amempenda mama." Hilo la mhubiri. "Nafula, unakumbuka mama alivyokuwa akipenda..." Hapo nilikwama, kwa sababu niliona wazi mwanamke amesimama kando ya barabara na leso kiunoni, amekinga macho kwa kiganja, anatazama basi likija kama mama alivyokuwa akinitazama kutoka kwenye mahindi. Nilipompita alikuwa pipa la bluu. Nililia kidogo, nikajifuta, nikaongeza mwendo.

Mafuta yakakaribia kuisha, tukaingia kituo kimoja, na tulipofika tu adhana ikaanza. Mwenye pampu alining'iniza mnyororo, akavuta pazia la duka, akaenda zake. Enzi hizo kila kitu kilifungwa wakati wa sala. Abu Turki akaongoza watoto wa Kiislamu msikitini, waliobaki wakacheza hoki ya mchangani kwa chupa ya maji, na mimi na Milan tukakaa kwenye kivuli cha basi.

"Una mtoto anayecheza?" akaniuliza.

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu tulikuwa na maneno machache, na maneno machache hayana pa kujificha. Nikamwambia: mama amekufa, dada hajui, yuko Jeddah, atakuja uwanjani, ninakwenda kumwambia. Milan alifungua chakula chake. Kisha akakata mkate wake na soseji ngumu vipande viwili, akanipa kile kikubwa, na akaendelea kutafuna akitazama jangwa. Nilijisikia kama nimetua mzigo, ingawa mzigo wenyewe ulikuwa bado kichwani.

Mwenye pampu aliporudi alitaka kujua timu ni ya nini. Abu Turki akamwambia ni hoki ya barafu. Yule mzee alitazama mchanga upande huu, akatazama mchanga upande ule, akasema Mungu awaongoze.

Njia panda, na nyani

Kabla ya kufika Makkah kuna vibao vikubwa juu ya barabara: huku Waislamu pekee, huku wengine. Nikawasha taa ya kukunja.

"Yusuf! Unaenda wapi?" Abu Turki akaamka. "Makkah ni moja kwa moja!"

"Baba, mimi siwezi kupita huko."

"Kwa nini?"

"Mimi ni Mkristo, baba."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia mimi ni mwanamke. Tangu anifahamu nilikuwa nikisimamisha basi kila adhana bila kuambiwa, ninazima redio, ninangoja kwa adabu mpaka amalize. Tena jina langu Yusuf. Kamwe hakuuliza, nami kamwe sikuona haja ya kusema. "Na kocha?" akaendelea. "Na yule Mkanada? Na yule Mhindi?" Alikuwa ameipanga safari yote kichwani, akasahau kwamba nusu ya basi haina ruhusa ya kuingia mji ule.

Kisha akajipiga paji la uso akacheka, na watoto wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Lakini baadaye akatoa simu, na sauti yake ikashuka. Alikuwa amemwahidi mama yake, anayekaa Makkah, kwamba tungepita kula kwake. Niliisikia sauti ya yule mama kutoka kwenye simu, nyembamba, ikilalamika juu ya mbuzi aliyekwisha kupikwa. "Nisamehe, yumma. Nisamehe," alimwambia tena na tena, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Nilikaza macho barabarani. Nilimwonea wivu mchungu, wivu wa mtu anayesikia mwenzake akigombezwa na mama.

Njia yetu ya kuzunguka ilishuka milimani, kona juu ya kona, na kwenye kona moja walikuwapo nyani, wamekaa ukingoni kama wazee wa baraza. Watoto wakapagawa. Nikawaonya wasifungue madirisha, maana nyani nawajua tangu utotoni, hawana rafiki. Rayan akafungua ili ampe mmoja ndizi. Nyani akaiacha ndizi, akachukua glavu ya golikipa iliyokuwa imeanikwa dirishani, akapanda nayo jiwe.

Rayan alilia hadi akapaliwa. Bila glavu hakuna golikipa, na bila golikipa hakuna timu. Milan alitaka kumfuata na gongo la hoki nikamzuia. Yule nyani akaiweka glavu puani, akavuta harufu mara moja, akageuza uso, akaitupa. Niliiokota mwenyewe. Mpaka leo sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa begi la hoki.

Ghulail, kwa Suleiman

Jeddah inakupokea kwa hewa mbichi iliyolowa, ukishuka tu miwani inaingia ukungu. Timu ilifikia hotelini. Mimi nilikwenda Ghulail kwa Suleiman, Mzanzibari fundi wa viyoyozi niliyejuana naye Riyadh. Jua lilikuwa linazama na mtaa umejaa watu weusi wa kila lugha, maduka membamba, harufu ya samaki wa kukaanga. Kwa dakika chache nilisahau nchi niliyomo.

Suleiman alinikaribisha kwa wali wa nazi na changu wa kukaanga, na hakuniacha niseme neno mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Sasa n'ambie," akasema. "Umekuja kumwambia vipi?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Hayo ya kumwambia, Mungu atakupa maneno. Mie naona tabu iko mlangoni. Kesho Ijumaa. Mall haingii mwanamme peke yake, familia tupu."

"Lakini nina dada ndani."

"Dada yumo ndani, weye uko nje. Utamuonesha nani?"

Aliniona nilivyonywea, akanimiminia chai.

"Babaangu alipofariki Unguja," akasema, "walinijia watu wanne hapa hapa, na chakula. Wakala na mie, wakacheka na mie, halafu ndo wakasema. Walikaa hata asubuhi. Nakwambia ningekuwa peke yangu ningeingia wazimu." Kisha akaingia jikoni akanifungia sambusa ndani ya karatasi. "Mpelekee. Mwambie zatoka kwa kakake mwengine."

Mlango wa familia

Ikawa kama Suleiman alivyosema. Mlinzi wa mall aliwapitisha watoto, akampitisha kocha, akapitisha mabegi, halafu akaniwekea mkono kifuani. "Mafi. Familia bas." Yaani hapana, familia tu. Abu Turki alikuwa ameshaingia. Nilisimama kwenye jua na sambusa zangu, nikitazama baba, mama na watoto wakipita kwenye ule mlango wa kioo unaofunguka wenyewe.

Milan alipogeuka na kukuta sipo, alirudi. Hakubishana. Alivua koti lake la timu, la buluu na lenye nembo ya ndege falcon, akanivisha mbele ya mlinzi, mikono ikapita vidole vyangu. Akanitwika magongo.

"Huyu ni wa timu," akasema.

"Anafanya nini?" mlinzi akauliza.

Milan akafikiri. "Mlango."

Nami nikawa mfungua mlango wa timu. Msicheke, ni kazi kweli. Pale wachezaji wanapokaa kuna kijilango kidogo, na mtoto akichoka anakuja mbio kwenye barafu, unamfungulia anaingia, unamtoa mwingine, unafunga. Ukichelewa anagonga ukuta.

Lakini barafu yenyewe niiseme vipi? Nje watu wanaungua, na ndani ya jumba kuna uwanja mweupe unaotoa moshi mwembamba unaoelea magotini. Sauti zinakuwa za mbali hata mtu akiwa karibu. Watoto wale wale wanaojikwaa kwenye ngazi za basi langu walikuwa wanapita mbele yangu bila kunyanyua miguu, kimya, wakiacha nyuma mlio kama wa kisu kwenye jiwe la kunolea. Nilijiuliza kama bado nimelala barabarani na basi linajiendesha.

Ng'ambo ya pili, kwenye viti vya wanawake, waliketi wamama wa abaya nyeusi. Nikawatazama mmoja mmoja. Wote sawa. Kisha mmoja akainama kufunga zipu ya begi kubwa, akajishika kiuno kwa nyuma ya mkono, na nikamjua. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akijishika. Nikamsahau mtoto mlangoni, akagonga ukuta.

Kipindi cha kwanza kilipoisha nilizunguka uwanja. Nafula aliniona nikija ndani ya koti kubwa la buluu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hatukugusana. Tulisimama tukichekeana tu.

"Wekesa! Umekuwa mchezaji?"

"Mimi ni bawabu. Umenenepa wewe."

"Wewe umekonda. Mama akikuona..."

Hapo madam akasimama kati yetu. Yalionekana macho tu, lakini yalitosha. "Nani huyu?"

"Kaka yangu, madam. Wa mama mmoja."

Madam akanyoosha mkono, akataka ikama zetu, vitambulisho vya ukaazi, akaziweka pamoja. Alitafuta jina la ukoo hakuliona. Jina la baba halikuwepo. Kwao mtu huandikwa yeye, baba yake, babu yake na kabila lake, hata ndugu wakitupwa baharini wataokotwa kwa jina. Sisi hapa mnajua. Mimi nilizaliwa wakati wa mavuno nikawa Wekesa, nikaongezewa jina la babu mmoja. Yeye alizaliwa mvua ikinyesha akawa Nafula, akaongezewa la babu mwingine. Kila mtoto na mzee wake. Nilimweleza madam kwa Kiarabu changu cha petroli na matairi. Nikamwambia kuhusu mvua, nikamwambia kuhusu mahindi.

"Mvua," akasema taratibu. "Wewe ni mavuno na yeye ni mvua. Na kila kijana anayemfuata mfanyakazi wangu ni kaka." Hakuwa mtu mbaya, hilo niliseme. Alikuwa na msichana wa watu nyumbani kwake na aliogopa aibu. Akanirudishia ikama. "Rudi kwenye timu yako."

Nikarudi. Kipindi cha pili sikukiona.

Wakati wa sala

Kilipoisha tulikuwa sare, na adhana ya Magharibi ikajaa jumba zima. Mchezo ukasimama. Maduka yakashusha vyuma, taa zikapunguzwa, watu wakainuka kwa pamoja. Watoto wa Kiislamu wakavua viatu vya vyuma wakafuatana na Abu Turki, wengine wakaingia chumba cha kubadilishia nguo. Madam akaelekea chumba cha sala cha wanawake, na mabegi akamwachia Nafula.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wakati wa sala, wanaobaki ni sisi. Uwanja ulikuwa mtupu na mweupe, umezungukwa na viti vitupu, na ndani yake Wakristo wawili watatu tusio na pa kwenda. Milan alinitazama, akaenda kusimama penye njia ya kuingilia, akajifanya anakagua gongo.

Nilimkuta Nafula ameketi juu ya begi. Nikaketi kando yake. Nikampa sambusa.

"Kula kwanza."

"Za nani?"

"Za kaka yako mwingine, wa Zanzibar."

Alikula ya kwanza akiniambia habari za Tamim, jinsi asivyoweza kulala mpaka amkune mgongo. Alikula ya pili akiuliza kama ng'ombe amezaa. Nilijibu. Nilikuwa nimeyasahau maneno yote niliyojizoeza jangwani. Aliposhika ya tatu alinitazama usoni, akaacha kutafuna.

"Wekesa. Mbona umenikalia karibu hivi?"

Nikatazama barafu.

"Sema."

"Mama ametuacha, Nafula."

Aliirudisha ile sambusa kwenye karatasi, akaifunga vizuri, kona kwa kona. "Lini?"

"Wakati wa kupanda mahindi."

"Mahindi si yameshavunwa?"

"Yameshavunwa."

"Na ulikuwa unaniambia yuko shamba."

"Ndiyo."

"Kila Ijumaa."

"Kila Ijumaa. Baba Mdogo alikataza kwa simu. Nimekuja kukuambia kwa mdomo."

Alichukua ncha ya abaya akaiingiza mdomoni, akaiuma. Mabega yalikuwa yanatikisika lakini sauti haikutoka. Kisha akaanza kuuliza kwa sauti ya chini, upesi upesi, kama mtu anayeogopa duka litafungwa: nani alimwosha, alivaa gauni gani, walimlaza upande gani wa nyumba, yupo aliyeimba. Nilimjibu yote. Lile la kijani. Upande wa jikoni. Kwaya nzima iliimba.

Tukasikia viatu. Watu walikuwa wanarudi.

"Nenda," akasema.

"Siondoki. Unajua haifai."

"Wekesa, akinikuta na wewe nitarudishwa kwa ofisi ya ajenti, na sijui watanipeleka nyumba gani tena. Nenda. Nitalia nikipata pa kulilia."

Nikajikaza kisabuni nikaondoka. Katika yote niliyofanya Saudia, hakuna lililoniuma kama kuinuka pale. Nilikuwa nimesafiri nchi nzima ili nikae, na nikakaa muda wa sambusa mbili.

Kipindi cha mwisho

Nilifungua mlango nikafunga. Watoto walipita. Ng'ambo, Nafula alikaa wima kando ya madam na begi mapajani, uso mkavu. Watu walikuwa wanapiga ngoma na kuzomea, na yeye alitazama barafu bila kupepesa.

Mwishoni kabisa Tamim, yule mtoto wa madam, alipata kisahani, kile cha mpira wanachokipiga kwa magongo, akamjia Rayan peke yake. Jeddah nzima ikasimama. Akapiga. Rayan akaanguka kifudifudi, sidhani kwa kutaka, na kisahani kikampiga kwenye ile glavu kikarudi katikati, na mmoja wetu akakikimbiza hadi upande wa pili akafunga. Jumba likapasuka. Watu wa Riyadh walipiga kelele za furaha na wa Jeddah za uchungu, kengele ikalia, magongo yakarushwa juu.

Na ndani ya kelele hizo nikasikia sauti nyingine. Mtu wa huku hawezi kuikosea. Ni ile sauti ya wanawake wetu, inayoanza juu na kuvunjika ikishuka, inayopita bonde zima ikawaambia majirani nani amekwenda. Nafula alikuwa amesimama, mikono kichwani, mdomo wazi, anamlilia mama. Alikuwa amepata pa kulilia. Waliomzunguka nao walipiga kelele, na hakuna aliyegeuka.

Madam aligeuka. Akamshika mabega, akamvuta kifuani. Midomo yake haikuonekana, lakini niliona mkono ukimpigapiga mgongoni, na najua alichosema kwa sababu Nafula aliniambia baadaye: "Halas, binti yangu, halas. Ni mchezo tu. Tamim atashinda siku nyingine." Alidhani amemlilia mwanawe. Naye Nafula akalia zaidi, kwa sababu tangu afike Jeddah hakuna aliyekuwa amemkumbatia.

Sikujua kama mimi pia nalia. Timu yangu ilikuwa imeshinda, watoto wamelaliana juu ya barafu wakicheka, Abu Turki anabusu kila kichwa, na mimi nimeshikilia kijilango, machozi yanadondokea koti la Milan. Madam akainua macho juu ya kichwa cha Nafula, akanitazama. Akamtazama Nafula. Akanitazama tena, muda mrefu. Mkono uliokuwa unapigapiga ukasimama.

Akainamia sikio la Nafula akauliza neno. Nafula akaitikia kwa kichwa. Madam akaweka kiganja chake kifuani, kisha akakiinua akaniashiria: njoo.

Njia ya kuzunguka ilikuwa imejaa watu. Nikafungua mlango wangu nikakanyaga barafu na viatu vyangu vya udereva. Niliteleza, nikaanguka goti moja, nikainuka, watoto wakanipisha kila upande bila kuuliza, na ule moshi mweupe ukinizunguka. Nilihisi sifiki. Rayan akaniegemeza kwa gongo lake pale nilipotaka kuanguka tena. Upande wa pili Tamim, uso umelowa, alinifungulia mlango wa timu yao.

Madam alikuwa ameshamketisha. Alisogea akaniachia nafasi upande mmoja, yeye akabaki upande wa pili na mkono wa Nafula ndani ya mikono yake. "Mama yenu?" akaniuliza. "Mama yetu," nikasema. Watu walitoka, taa zikazimwa moja moja, mwanawe akaja akakaa miguuni petu na begi lake. Nafula alilia mpaka akamaliza, na hakuna aliyeniambia niondoke.